Pengo la Aprili

Ghorofa ya nne, Barabara ya Ngong, saa mbili usiku.
Mfereji wa ofisi unakohoa hewa tupu,
nami ndiye niliyeajiriwa kutabiri maji.

Nina miaka thelathini na miwili ya mto mmoja
unaoshuka Nyandarua kuja kulinywesha jiji hili:
kina chake kila siku, saa tatu asubuhi,
kwa mkono wa Nyaguthii, msoma kipimo,
kalamu ya bluu, kila saba kaikata kiuno.

Jana huikopesha leo, ndiyo kanuni yote:
maji ya leo ni fungu la maji ya jana,
na mvua ya juzi iliyokawia kwenye mizizi ya mianzi,
na kitu kingine tusichokijua,
tunachokipa herufi moja na kukiacha mwisho wa mlinganyo
kama mgeni aliyekosa kiti.

Halafu Aprili ya themanini na nane.
Kurasa tupu. Siku kumi na moja.
Nilizijaza, ndiyo kazi yangu:
nikaazima mvua ya kituo jirani, nikapiga wastani,
nikauvuta mstari juu ya pengo ukalala laini,
kovu la daktari hodari.
Grafu haikulalamika.

Juma lililopita nilipanda huko
kufunga kipimo cha betri, kisichougua wala kufiwa.
Nyaguthii alikuwa akikata nyasi za ng'ombe.
Nikamwuliza kuhusu zile kurasa.
Hakuinua kichwa.
"Mto ulimchukua Muchoki, akienda shule. Darasa la tatu."
Panga likaendelea. Kisha, kama anayenisahihisha:
"Ulifika kwenye lile tawi la mkuyu.
Sikuandika. Lakini niliona."

Nikatoa futi. Mita tatu na nusu.
Mimi nilikuwa nimeupa mto mita moja na robo.

Usiku huu nimefuta makadirio yangu.
Mkia wa grafu umenyanyuka kama wa ng'e,
na yale mafuriko tuliyowaambia wakubwa
kwamba huja mara moja kwa karne
sasa yanaweza kumkuta mtoto aliyezaliwa leo
kabla hajamaliza shule.

Kwenye safu ya chanzo cha takwimu
nimeandika: Muchoki.
Kompyuta imekataa.
Safu hii, inasema, hupokea tarakimu tu.

Nyuma yangu mfereji umekohoa tena,
umetema kutu,
umeleta maji.