Mlango wa Sitini na Moja

Walinipa debe la funguo zilizogandana kwa kutu.
Hakuna hata mmoja uliokuwa na jina.
"Zigurds," alisema diwani, "milango ni mia na arobaini.
Ifungue yote. Kiangazi tunataka watu wacheze humo,
wachore, wapulize matarumbeta."

Humo! Mahali ambapo mama alinikanya hata kupatazama.
Ramani ya wilaya ilikuwa na doa jeupe hapo,
barabara ilifika kwenye misonobari ikajifanya imesahau iendako,
na sisi watoto tulijua kuna jeshi la wageni
kwa namna vikombe vilivyotetemeka kabatini
vifaru vikienda kunywa mafuta.

Velta wangu ndiye aliyeingia, tena hadi dirisha la dobi tu.
Miaka kumi na tisa alifua mashuka yao,
akilipwa nusu kwa sabuni.
Nyuso zao hakuziona, lakini aliwajua:
huyu anaota vibaya, huyu anavuta kwa siri,
huyu wa bweni la nne, foronya yake hukauka ikiwa na chumvi.
"Ni watoto, Zigu. Watoto wenye bunduki."
Mimi nilinuna. Tangu lini adui akawa na foronya?

Basi nikaanza.
Mlango wa kwanza ulinila asubuhi nzima.
Kufikia wa thelathini nilishaijua hulka yao:
kufuli la jeshi halitishwi na nguvu, limezizoea;
linataka mafuta, na mtu wa kulisemesha polepole.
Nyuma yangu wakaja vijana na ndoo za chokaa.
Ghala la risasi likawa la vinanda.
Lindoni, Ieva mfinyanzi akajenga tanuri,
akasema hajapata kuona ukuta unaotunza moto vile.
Kwenye uwanja wa gwaride wanawake wa kwaya
waligombania viti vyenye kivuli.

Kisha mlango wa sitini na moja. Bweni la nne.

Ukuta mzima, kutoka sakafu hadi dari, mkomamanga.
Majani kwa rangi ya vifaru.
Matunda kwa ile nyekundu ya kupakia nyota.
Moja limepasuka, na kila punje ina nukta yake ya mwanga;
nadhani ni dawa ya meno.
Kushoto matawi hayana kitu,
mistari ya penseli tu: likizo ilifika, au amri,
au kile ambacho Velta hakupenda nikitaje.
Chini ameandika: *Vaqif. Zimebaki siku 212.*

Nikafunga. Nikamwambia mkurugenzi ufunguo haupo,
na uongo ule ukanitoka laini
kuliko ukweli wowote niliowahi kumwambia afisa.

Wiki mbili nikawa mlinzi wa kambi ya adui.
Naenda na chupa ya chai, nakaa sakafuni,
nahesabu makomamanga (ni thelathini na saba),
namwomba marehemu radhi kwa lile neno la foronya.

Ieva ndiye aliyenifuma, udongo umempanda hadi viwikoni.
Alitazama. Akatazama tena.
Hakusema tuiandikie kibao.
Alisema: "Ndoo za chokaa nitazificha mimi."

Siku hizi, Jumamosi, huja watoto.
Huuliza mbona upande ule haujaisha,
wapewe brashi wamalize.
Nawaambia hapana. Akirudi mwenyewe, atajuaje pa kuendelea?
Wananiamini.
Siku za mvua hata mimi huyaamini maneno yangu.

Kitasa nimeking'oa. Limebaki tundu tu,
linalopiga mluzi upepo wa Baltiki ukivuma.

Juzi nimeona, penye tawi tupu la chini kabisa,
alama ya kidole gumba. Nyekundu, bado mbichi,
kimo cha mtoto wa miaka mitano.

Nikafumba jicho moja.
La pili nikaliacha zamu.