Nukta Kwenye Tisini na Nne

Ilifika Katuba juu ya mkokoteni wa makala,
imeviringishwa kitenge kama maiti wa heshima:
resiva ya kilo kumi na saba, uso wa alumini,
mbao za ubavuni zimeliwa na mchwa upande mmoja tu,
upande wa kushoto, uliokuwa ukutani.

Mama Ngwej alisimama mlangoni, hakuketi.
"Papa Mwepu, hii iko nakufa ao iko nalala?"
Nikamwambia: vyombo vya miaka ile havifi,
vinanuna.

Skrubu kumi na nne. Kumi na tatu zikatoka,
ya mwisho nilibembeleza siku mbili kwa mafuta ya cherehani.
Ndani, vumbi jekundu la kiangazi baada ya kiangazi,
mende mkavu juu ya transfoma
(alifuata joto, joto likazimwa, hakuambiwa),
na kapasita mbili zimevimba vichwa
kama watoto wanaozuia kilio mbele ya wageni.

Sikuharakisha. Uzi unaovuta mshale ulikuwa umekatika;
nikaufunga upya kwa uzi wa kuvulia samaki,
duara mbili kulia, moja na nusu kushoto,
nikakosea, nikafungua, nikakosea.
Umeme ukaenda saa tatu usiku, ukarudi saa nane.
Niliamka na kuchomea nikiwa na blanketi mabegani.
Risasi ikayeyuka, ikatulia, ikang'aa.
Binti yangu Kalenga aliwahi kuniuliza
mbona neno moja linaua na linaunganisha.
Nilimwambia ashike tochi vizuri.

Transfoma sikuibadilisha. Ilikuwa nzima.
Nilikwangua ncha ya waya, nikaona shaba,
nikakaa nayo kidogo.
Labda ilitoka hapa hapa, chini ya miguu yetu,
ikapita tanuruni, chini ya lile bomba refu la moshi
tunalolitumia kuelekeza wageni njia,
ikapanda treni ya kusini, ikavuka maji,
ikasokotwa nyembamba kama unywele
na vidole vya msichana wa Osaka nisiyemjua,
kisha ikarudi Lubumbashi na jina la kigeni
na bei ya mgeni.
Mtoto wa nyumbani aliyeingia kwa mlango wa wageni.
Nikampuliza vumbi. Ndiyo karibu yangu.

Kioo nilikiacha mwisho.
Pale kwenye tisini na nne palikuwa na nukta nyekundu,
ndogo kama punje ya mtama.
Leo hapo hapana kituo, ni mchemko tu,
kama mafuta ya mandazi kwa jirani.
Nikajua. Au nilijiambia ninajua:
marehemu mumewe, fundi umeme wa tanuru,
anatoka zamu ya usiku, masikio yamejaa mashine,
anasukuma mshale mpaka kwenye alama yake,
anavua viatu.
Nikaosha kioo chote kwa pamba na sabuni,
nikaizunguka nukta
kama mtu anayelima kando ya kaburi.

Alipokuja, niliwasha.
Taa ya kijani. Spika ya kulia ikaanza,
ya kushoto ikachelewa, ikakohoa, ikafuata.
Ndipo Mama Ngwej akaketi,
akafungua kidogo fundo la kilemba,
akasikiliza habari za bei ya unga hadi mwisho
kana kwamba ni muziki.

Halafu akanyoosha kidole.
"Muzuri sana. Lakini hapa unasahau."
Nikaanza kumweleza habari za alama, za zamu ya usiku.
Alicheka mpaka akajishika mbavu.
"Papa, ile njo rangi ya kucha!
Ndoa ya mudogo wangu. Nilipiga chafya."
Akatoa kichupa cha asetoni mkobani,
akanipa, kama mtu anayekupa chumvi.

Nikaifuta. Ilitoka mara moja,
bila kupigana.

Mkokoteni ukaondoka na kitenge chake, na kilo zake.
Jioni ile nilikuwa na resiva nyingine mezani,
ya mtu wa Kamalondo, isiyo na doa wala hadithi.
Nilizungusha kutafuta habari za saa moja.
Mkono ukasimama wenyewe kwenye tisini na nne.
Nikaacha mafuta yachemke.