Kura Moja

Hitilafu namba arobaini na moja:
rangi ya kitufe haivutii.
Kura mia mbili na tatu.
Namba tisa: mizani inameza nusu kilo
kila kreti ya tatu.
Kura moja.

Ndahani anakuna kichwa, chumbani Area C,
feni inazungusha vumbi lile lile.
Programu ni ya wote, alitangaza mwenyewe,
basi wote waamue.

Anaifungua ile moja.
Nyemo, karani wa zabibu, Chinangali,
saa kumi na moja alfajiri:
“Naandika nikiwa juu ya tangi la maji,
huko chini mtandao haushiki.
Wenzangu ishirini wanaogopa ngazi.”

Kitufe kitangoja.
Ndahani anahesabu kura upya,
safari hii
na vidato.