Nionyeshe Mama Yake

Kiinua mgongo kiliingia Jumatano:
miaka ishirini na mitatu ya kupasua sangara kiwandani,
vidole bado vinanuka barafu.
Nikasema, sasa nafuga.
Shemeji Ng'wandu akacheka hadi kofia ikamwanguka.

Mitamba wanne nilikuwa nao tayari.
Wawili wa Kisukuma, wekundu, wafupi,
wanaokula nyasi kavu na kushukuru.
Chotara mmoja, robo Friziani,
anayetafuta kivuli saa tatu asubuhi kama mke wa mkubwa.
Na Borani wa kijivu
anayenitazama kana kwamba ananidai.
Kilichobaki ni bwana wao.

Kila mtu ana fahali wake mdomoni.
Ng'wandu: "Chukua Ankole,
pembe zitangulie kufika, watu wajue hapa pana boma."
Jirani Bhoke: "Wa Tarime! Hata mwizi atamwamkia."
Bwana mifugo Rwegasira, na pikipiki yake, na mtungi wake wa baridi:
"Mama, fahali wa nini?
Humu kwenye mrija ninaye Friziani mzima."
Nikamuuliza, na kupe wa Igombe anamjua?
Ndigana ikija itamkuta mtungini, au itawakuta wanawe zizini kwangu?
Akakuna kichwa. Kijana mkweli, hilo nampa.
"Basi usitazame nundu," akasema. "Nundu ni kofia.
Tazama miguu ya nyuma, magoti yasigongane.
Tazama kwato.
Na kende upime, mama, kwa tepu. Usione haya."

Mnadani Misungwi, vumbi na fimbo.
Dalali Shigela akanivutia jabali jeusi,
shingo kama gunia la pamba.
"Milioni na laki saba, na hapo nakuonea huruma."
Nikainama, nikatoa tepu.
Mnada ukanyamaza.
Thelathini na nne.
Nikasimama: "Nionyeshe mama yake."
"Nani?"
"Aliyemzaa. Kiwele chake kikoje? Amezaa mara ngapi?
Nusu ya maziwa yangu ya kesho
imelala ndani ya huyu asiye na kiwele."
Shigela akawatazama wenzake.
Hakuna aliyejua.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa
walipokuja na ng'ombe kumi na wawili.
Baba aliwakagua mmoja mmoja,
akafungua vinywa, akahesabu meno,
akamrudisha mmoja mwenye chongo.
Bwana harusi alikaa kwenye kigoda, shati jeupe.
Yeye hakuna aliyemfungua mdomo.
Hakuna aliyeuliza
mama yake kovu la shavuni alilipata wapi.
Nilikuja kuelewa mwenyewe,
nilipokuwa na langu.

Kayenze, njia inapoishia kwenye matete,
kwa mjane Nyanjige,
nikamkuta ng'ombe mzee, pembe moja imevunjika,
kiwele laini kama mfuko uliozoea pesa,
ndama wa tisa akinyonya.
Mwenye nyumba alipopita, akamlamba kiwiko.
Mwanawe alikuwa ziwani anakunywa,
kahawia, miaka miwili na nusu,
Sahiwali kwa baba, wa kwetu kwa mama,
pembe za kutia aibu.
Ndama walimpita mbele, hakuwasukuma.
Thelathini na mbili kamili.
Laki tisa na nusu. Sikubishana sana.

Jana Ng'wandu amelizunguka zizi mara mbili.
"Mdogo," amesema.
"Mdogo," nimekubali.

Ukutani nimeandika kwa mkaa siku aliyoingia,
na chini yake siku ya kutoka, miaka miwili mbele,
kabla binti zake hawajakua
machoni pake.

Tepu nimeirudisha kwa fundi cherehani.
Ameivaa shingoni, ameendelea kushona.
Sikumwambia ilikuwa wapi.