Pazia la Bluu

Miaka thelathini na mmoja niliwaambia watu wa Newala:
kaa wima, kidevu chini kidogo, usicheke.
Wakatii. Diwani alitii, mkunga alitii,
hata Limbende, asiyemtii mtu, alimeza cheko lake
hadi taa ilipowaka na kuzima.
Kisha simu zikajaa mifukoni.
Nikateremsha kibao, nikakunja pazia la bluu,
nikarudi nyumbani na kamera na mgongo mbovu.

Sasa ni Julai. Ukungu hauondoki mlimani mpaka saa tatu,
na mkorosho wa uani umechanua.
Huku kwetu maua hayangoji mvua,
yanajua baridi tu, na vumbi la salfa.
Vijiua vyenyewe vidogo, vyeupe vikiwa vichanga,
vikizeeka vinaona haya na kuwa vyekundu.
Harufu yake, nitaisemaje,
ni sukari iliyosahauliwa motoni
dakika moja kabla ya kuungua.

Humo ndimo anamoshinda kindi.

Picha ya kwanza: tawi.
Ya pili: tawi linatikisika.
Ya tatu: mkia, au moshi wa jikoni kwa Somoe,
mpaka leo hatujakubaliana.
"Tulia," nikamwambia kwa sauti ya kazini. "Kidevu chini."
Akanitazama kama mtu anayedaiwa deni la marehemu,
akanigeuzia mgongo, akaenda zake.

Limbende akachungulia juu ya wigo:
"Mboga hiyo, jamaa, nawe waipiga picha?"
Manati ilining'inia mfukoni mwake kama ulimi.
Nikamwambia ngoja, sijapata sura.
Kesho yake nikasema hivyo, na kesho kutwa,
wiki mbili nzima, naye akangoja,
maana anaijua kazi yangu:
haitoki dukani mpaka iwe imekwisha.

Ijumaa nikatoa pazia sandukuni.
Nikalitundika nyuma ya tawi lenye maua mengi
kwa vibanio sita vya Somoe, bila ruhusa.
Bluu ileile, na doa lilelile la mafuta
palipoegemea vichwa vya wilaya.
Nikaketi. Nikasubiri. Nikasinzia.

Nilipofumbua macho alikuwa hapo,
mbele ya pazia, mzima, chavua puani,
mikono kifuani kama mtoto wa darasa la kwanza.
Hakupepesa.
Kidole kilikuwa juu ya kitufe, wala sikubonyeza;
sijui kwa nini, msiniulize.
Akaung'ata upindo wa pazia, akavuta uzi,
akavuta, akavuta, akausokota mdomoni,
akapanda nao hadi kwenye tundu
pale tawi lilipokatika mwaka juzi.
Akarudi kwa mwingine.

Hapo ndipo nikaanza kubonyeza kama mwehu.
Picha arobaini, zote mbovu.
Somoe akazitazama moja moja, miwani yangu usoni mwake:
"Kona nzima imekwisha. Hilo pazia tulilinunua Masasi kwa mkopo."
Akarudi kwenye ile ya kumi na saba. Akanyamaza.
"Huyu ana mimba."
Jioni nilimkuta uani na sindano,
anafumua upindo uliobaki,
anaziacha nyuzi zikining'inia, ndefu, rahisi kushika.
Vibanio hakuvidai.

Limbende bado anapita.
"Umepata sura?"
"Bado."
Anakohoa, anaitazama mikorosho yake, anaondoka.
Maua yameanza kupukutika sasa,
na mahali pa machache pametokeza korosho za kijani,
ndogo kama figo la kuku.

Wale wa ndani ya tundu sijawaona.
Usiku nawasikia, au nausikia upepo.
Nadhani wamelala juu ya bluu yangu, wamerundikana,
videvu juu, macho wameyafumba,
kosa ambalo zamani
ningemrudisha mtu kitini, nikasema: tena.