Shubiri

Nimempeleka shangazi Maskati kwa gari,
saa moja na nusu, kiyoyozi kibovu,
yeye kiti cha nyuma, chupa ya kahawa katikati ya miguu,
akilalamika kwamba milima siku hizi haina haya,
imejiacha ipasuliwe kila mahali kupisha lami.
Tunakwenda kumtazama baba ndani ya kioo.

Baba: Daktari Ghalib, bwana wa maji,
aliyeandikwa juu ya mlango wa maabara
na katika kitabu cha shule, sura ya nne,
kwamba aliijua siku ya kukauka falaji yetu ya Ibra
miaka ishirini kabla haijakauka.

Shangazi Muzna hayumo katika sura yoyote.

Alikuwa na miaka kumi na saba kaka alipokwenda Bremen.
Walikuwa wamehamia juzi tu kutoka Unguja,
Kiarabu chao kikichekwa sokoni,
mama yao akiwauliza majirani nazi zinauzwa wapi.
Kaka alimwachia rula na daftari la jalada jekundu.
"Kila alfajiri, Muzna. Pale pale penye jiwe jeupe. Usikose."

Rula ilivunjika mwezi wa pili.
Hakumwandikia. Fedha ya rula ilikuwa fedha ya unga.
Aliweka kiganja juu ya ukurasa wa kwanza,
akakizungushia kalamu, dole gumba hadi kidole cha mwisho,
akaandika chini yake: *kipimo ni hiki*,
na tangu hapo maji ya Ibra yakahesabiwa kwa mkono wake.

Shubiri mbili na nusu.
Shubiri mbili na nusu.
Shubiri tatu kasoro kidole, mvua imenyesha mlimani.
Ukurasa wa Machi una doa la rangi ya machungwa:
hina ya harusi, haijashika bado, na alfajiri haingoji.
Miezi minane baadaye hati imelala upande,
tumbo limekuwa kubwa, anainama kwa ubavu.

Kisha siku nne hazina kitu.
Barua ikaja kutoka Bremen: *Pengo hili ni la nini?*
Akajibu: *Nilikuwa na homa.*
Baba akazijaza kwa wastani.
Ndivyo tufanyavyo, hata mimi nimefundishwa hivyo;
mchoro unapita pale laini, haujikwai.
Nilikuwa mtu mzima aliponionesha, nyuma ya mitende,
jiwe dogo lisilo na maandishi.
"Azzan," alisema. "Siku tatu."
Akanitajia mwezi, na nikajua.

Daftari la saba, pembeni, kwa hati ya sisimizi:

*Kaka wauliza maji*
*kama yautosha mji,*
*huulizi mpimaji*
*jana kama alilala.*

Kando yake penseli ya baba
imeweka alama ya kuuliza. Basi.

Miaka kumi na mmoja. Kisha baba akarudi na mashine,
na shangazi akaanza kulala mpaka jua litoke,
ila anasema hakuuweza usingizi ule, ulimwia mzito.

Sasa tumesimama makumbusho.
Daftari limefunguliwa ukurasa wa kwanza, taa ndogo juu yake.
Kibao kinasema: *Mkono wa mtafiti.*
Anasoma polepole, midomo inatembea.
Nimekwisha kugeuka kumtafuta mkubwa wa mahali hapa,
amenishika ushungi. "Wacha."

Anaweka mkono wake juu ya kioo,
dole gumba juu ya dole gumba,
na kuutanua, kuutanua.
Baridi yabisi imeukunja. Kidole cha mwisho
kinaishia njiani, nusu inchi kabla ya wino.

Anacheka mpaka mlinzi anageuka.
"Ghalib angenituma nipime leo," anasema,
"angewatangazia watu maji yameongezeka."