Vijisanduku Thelathini na Kimoja

Saskatoon, Januari, nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri.
Juu nimefunga tai, chini nimevaa suruali ya kulalia,
nafundisha mwendo wa maji
mbele ya vijisanduku thelathini na kimoja vyeusi,
kila kimoja na jina jeupe
kama milango ya bweni wakati wa likizo.

"Mnanisikia?"
Mtu ananirushia kidole gumba cha manjano,
kinaelea, kinayeyuka.
Haya. Twende.

Naeleza mto unavyoganda kuanzia kingoni,
barafu ya huku na ya kule zinavyokutana katikati.
Natia mzaha kidogo kuhusu samaki.
Mzaha unaanguka kama kijiko jikoni usiku wa manane,
nausikia peke yangu.

Chuo kimetuletea chombo cha kupima ushiriki:
kijani ni aliyebofya,
njano ni aliyebofya kidogo,
nyekundu ni Tansy Okemow.
Wiki ya kwanza, nyekundu. Wiki ya nne, nyekundu.
Nikaandika barua pepe yenye adabu na meno,
"Mpendwa Tansy, mfumo unaonyesha kwamba…"
Nikaifuta. Nikaiandika tena.
Nikaituma.

Alhamisi, katikati ya mlinganyo wa pili,
kipaza sauti cha mtu kikafunguka kwa bahati mbaya:
gari la kunyanyulia mizigo linarudi nyuma,
tii, tii, tii,
mwanamume anafoka, "Safu ya tisa! Maziwa!"
na sauti ya kike, chinichini, haituhusu,
inajisemea kama mtu anayehesabu chenji dukani:
"Eneo mara kasi. Eneo mara kasi. Eneo…"
Pu. Kikafungwa.

Jina lililokuwa limewaka
liliwaka bado machoni mwangu.

Hakuna aliyecheka.
Bryn Halvorsen, ambaye sijawahi kumwona uso,
alifungua kamera kwa sekunde mbili, akaifunga:
kofia ya sufu, ukuta, ngazi ya kitanda cha ghorofa.
Nilitaka kusema jambo.
Nikasema, "Ukurasa wa arobaini."

Saa tisa na robo usiku simu ikatetema mtoni mwa kitanda:
*Dakta, samahani kwa saa hizi, ndiyo natoka kazini.
Mto ukishaganda wote, mnaupimaje
na maji hamyaoni?*

Nikakaa kitako gizani, nikamwandikia:
Tunatoboa.
Tundu baada ya tundu, kutoka ukingo hadi ukingo,
tunashusha kipimo, tunasubiri,
vidole vinakufa ganzi.
Nikaongeza: usikanyage pale barafu inapolia.
Nikaongeza: ile barua yangu, itupe.

Kisha nikafungua kile chombo.
Bado mwekundu.
Nilitafuta mahali pa kubofya nikibishie,
pembeni, chini, nyuma ya vidoti vitatu,
mpaka magari ya kukwangua theluji yakapita barabarani
na taa zake zikageuza dari rangi ya chungwa.